Waya Mwekundu, Kutoka Kibondo hadi Kibirizi

Tangu nirudi sijafungua boneti hata moja kwa utulivu. Kila anayepita gereji kwangu Buzebazeba, hapa Kigoma, anasimama: "Athumani, ni kweli ulikwama siku tatu na gari ulilolitengeneza mwenyewe?" Nimewajibu vipande vipande, huyu nikampa mwanzo, yule nikampa mwisho, na sasa mtaani kuna hadithi tano na hakuna hata moja iliyo yangu. Basi nimenunua daftari, nimekaa. Mwandiko mtauvumilia. Shule niliishia darasa la nne. Lakini mwenye diploma aje hapa na gari lililozima, tuone nani atainama chini ya dashibodi na nani atashika tochi.

Nilianza kazi hii na testa niliyoitengeneza kwa balbu ya pikipiki na vipande viwili vya waya. Leo nina gereji, nina nyumba ya bati, na mtu akitaja umeme wa malori ya jeshi katika mkoa huu ametaja jina langu. Hayo yashikeni, maana mbele mtanicheka, na ninyi wacheshi wa kijiweni najua mtaanza kusomea huko mbele.

Ujiji hadi Kibondo, tukienda

Tajiri mmoja wa Ujiji alinunua malori mawili yaliyostaafu jeshini, jeshi la mbali huko, yakiwa bado na rangi yao ya kijani. Akayakodisha kupeleka unga kwenye kambi za wakimbizi. Magari yale si ya mchezo. Umeme wake ni volti ishirini na nne: betri mbili za volti kumi na mbili zimefungwa moja mbele, moja nyuma yake, zinavuta pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe. Swichi ya taa ina kufuli. Usipoinua kijiti kidogo cha pembeni, utaizungusha mpaka mkono uvimbe. Na nyaya zote ni nyeusi. Sisi mafundi wa mtaani tunakwenda kwa rangi: mwekundu huu, kijani hiki. Wao wameuvika kila waya kibati chenye namba, basi. Mafundi wawili wa Kigoma waliyafungua, wakayafunga, wakaondoka bila kuomba hata soda. Mimi nililala chini ya lori wiki nzima nikazishika zile namba kichwani moja moja, kama mtoto wa madrasa na sura zake.

Shida ilikuwa kwamba watu waliyakimbia. Safari ya kwanza, karibu na Makere, tulitokea kwenye kona na wanawake waliokuwa kisimani wakatupa ndoo, wakaingia kwenye mihogo na watoto mgongoni. Mtu aliyekimbia askari kwao hasubiri kusoma namba ya gari. Tulisimama pale tukiangalia ndoo zinavyobingirika. Dereva wetu Rajabu, mtu wa Ujiji aliyezaliwa Ujiji kwa babu na bibi, akasema, "Fundi, hili gari inabidi liongee kabla halijafika."

Ndipo nikafunga radio. Radio za mjini kwetu ni za volti kumi na mbili, sasa ufanyeje? Nilifanya wanavyofanya mafundi wote wa pwani hii ya ziwa: nikachukua umeme kwenye betri moja tu, ile ya nyuma, nikapitisha waya mwekundu mpaka kwenye kabini, nikaweka vipaza sauti viwili juu ya paa. Tangu hapo taarabu ilitangulia, lori likafuata. Watoto wakawa wanakimbilia barabarani badala ya porini. Tajiri akanipa mkono mbele ya watu. Nami, nisiwafiche, nilitembea na mkono ule mwezi mzima.

Safari hii ninayoisimulia tulikwenda na lori moja tu, na kwenda tulikwenda vizuri. Mke wa Rajabu alitufungia migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, ndani ya majani ya mgomba, na mpaka Kibondo kabini yote ilinukia kama soko la Ujiji saa tatu asubuhi.

Kibondo

Kushusha unga kulichukua siku nzima. Watu wa kambini walizunguka lori wakisikiliza kaseti, na Rajabu, mwenye roho ya kupenda kusifiwa kuliko hata mimi, akaiacha radio iimbe kutwa huku injini imezimwa.

Jioni ile akatufuata mwanamke mmoja, mrefu, amejifunga kitenge cha bluu kilichofifia. Mkongo, kutoka ng'ambo ya ziwa. Hapo kambini karibu wote walikuwa Warundi, naye alikuwa kama mgeni wa wageni.

"Papa fundi," aliniambia, "bantu banasema munashuka Kigoma."

"Tunashuka kesho, mama, Jumatatu."

Akanieleza. Alivuka na binti yake wa miaka saba, Spesioza, wakafikia Kibirizi, ufukweni Kigoma. Siku ya kupakiwa kwenye malori kulikuwa na msukumano. Yeye akapandishwa hili, mtoto lile. Lake likaja Kibondo. Miezi minane alikuwa akiuliza. Wiki hiyo mtu aliyetoka Kigoma alimwambia amemwona Spesioza amerudishwa pale pale Kibirizi, kwenye kundi la watoto wasio na wazazi, na kwamba kundi lile litapakiwa kwenye boti Alhamisi asubuhi kurudishwa Kongo, wakatafutiwe ndugu.

"Ndugu gani?" akasema Mama Spesioza. "Ndugu yake ni mimi. Kule hakuna muntu."

Kibali cha kutoka alikuwa nacho; mambo ya makaratasi siwachoshi. Rajabu akamwangalia, akaniangalia. Nikapiga kifua: "Mama, Kibondo mpaka Kigoma, na gari nililoligusa mimi, ni siku moja. Jumanne utakuwa umekaa na mwanao."

Jumatatu asubuhi Rajabu akazungusha ufunguo. Gari likasema "tk", likanyamaza.

Kibondo hadi Makere

Tulikuwa kwenye mteremko, tukaliachia, likawaka. Nikamgeukia Rajabu: "Unaisugua staata kama unasaga karanga."

"Mimi? Nimegusa mara moja tu!"

"Mara moja ya kwako ni ndefu."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa dhambi yangu, na mnaona ulivyokuja kwa mzaha.

Njia ilikuwa tope. Kufika kwenye daraja moja la magogo tulikuta lori la mahindi limekwama, tukasubiri kwa saa nne nzima lichimbuliwe. Rajabu akazima injini kuokoa dizeli, radio ikaendelea. Daraja lilipofunguka, "tk". Hapo hapana mteremko. Walitusukuma waliokuwa wanachimbua lile jingine, watu ishirini, na mmoja wao akaniambia kwa Kiha kwamba lori la jeshi linalosukumwa na raia hajawahi kuliona. Nikacheka nao, lakini masikio yalipata moto.

Tulipopata kilima nikafungua sanduku la betri. Nilijaribu kwa balbu yangu: kwenye betri ya mbele balbu inang'aa, betri yenyewe imepata joto, maji yameshuka mpaka mabati yanaonekana. Ya nyuma, balbu inawaka kwa wekundu hafifu kama jicho la mgonjwa. "Betri hii ya nyuma imekufa," nikatangaza. "Tajiri kauziwa mkweche." Nikatia maji, kisha nikafanya jambo ambalo fundi mwenye akili hulifanya: nikazibadilisha nafasi. Ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Kama betri ni mbovu, ubovu utahama nayo.

Makere tulifika jua likizama. Mama mmoja mwenye mgahawa wa makuti alitupa maharage na ugali wa muhogo, na alipoona namtengea Mama Spesioza sahani ya kwanza akadhani ni mke wangu. Akamsifia kwa kuwa na mume mpole. Mama Spesioza akajibu, "Huyu? Huyu anasema mingi." Rajabu alipaliwa na maharage.

Tulilala hapo. Radio, kama kawaida yake, ilikuwa imewaburudisha wanakijiji mpaka walipokwenda kulala.

Makere hadi Kasulu

Jumanne. "Mwakeye," wakatusalimu wenyeji waliokuja kutazama lori likiwaka. "Tk."

Nikafungua sanduku. Nikagusisha balbu, nikakaa kitako chini. Betri iliyokuwa imekufa jana, leo nzima. Iliyokuwa nzima jana, leo imekufa. Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye betri, ulikuwa kwenye mahali. Yeyote atakayekaa nyuma, atakufa.

Nilikuwa bado nimeduwaa pale Mama Spesioza alipokuja kuchutama kando yangu. Hakuwa anajua lolote la magari. Alikuwa anatazama tu, kama mtu anavyotazama anachokitegemea.

"Papa, hizi waya zote ni nyeusi."

"Ndiyo. Za jeshi."

"Na hii moja nyekundu?"

"Hiyo yangu," nikasema.

Neno lilipotoka nikalisikia. Waya mmoja tu ndani ya sanduku lile haukuwekwa na waliolitengeneza gari, na ulikuwa umeng'ata betri ya nyuma. Radio ilikuwa inanyonya moja na kuiacha nyingine. Kutwa nzima moja inakamuliwa, na umeme wa kuchaji unapita zote mbili kwa kipimo kimoja: aliyeshiba anatapika, mwenye njaa habahatiki. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na zaidi. Niliielewa yote kwa muda wa kupepesa jicho.

Rajabu alikuwa amesimama nyuma yetu. "Umeona nini, Injinia?"

Na mimi, mbele ya wanakijiji waliokuwa wakisubiri neno la fundi, nikasema, "Staata. Staata imekwisha."

Walitusukuma tena. Tukaingia Kasulu alasiri.

Kasulu

Rajabu akalisimamisha lori penye tambarare karibu na soko, akazima, akaingiza ufunguo mfukoni mwa koti. "Siwashi tena. Nakwenda posta kumpigia tajiri simu."

Alirudi ameinamisha kichwa. Tajiri alimfokea mpaka foleni nzima ikasikia: hii ni staata ya pili kumfia mkononi, akirudi atafute kazi ya kuvua dagaa. Staata nyingine itapanda na gari la Ijumaa, wasiondoke hapo.

"Ijumaa," akasema Mama Spesioza. Akahesabu kwa vidole, Jumatano, Alhamisi, akakunja kidole cha Alhamisi na kukishika kwa mkono wa pili. Alizunguka stendi yote kutafuta gari la kushuka. Mvua ilikuwa imekata barabara, mabasi hayakuwa yamepanda tangu Jumapili. Lori refu kama letu lingepita, gari dogo lisingepita.

Nilijua. Niko hapa na ninyi, siogopi kuliandika: nilijua na nilinyamaza jioni yote ile. Nilijiambia nitautoa ule waya kimyakimya, gari litawaka, nitasema nimeponya staata kwa ufundi wangu, kila mtu atafurahi na jina langu litabaki mahali pake. Unaona nilivyokuwa nimeyapanga. Jumatano asubuhi na mapema nikaukata waya, nikaufutika chini ya kiti, nikamwendea Rajabu aliyekuwa anakunywa chai.

"Lete ufunguo. Nimelitengeneza."

"Umelitengeneza." Akapuliza chai. "Kwenye daraja ulilitengeneza. Kilimani ulilitengeneza. Jana Makere ulilitengeneza kwa mdomo. Athumani, hili gari litakufa kwa kutengenezwa."

"Safari hii ni kweli."

"Likinizimikia bondeni huko, na tajiri kaniambia nisiondoke? Nina watoto sita. Haya, niambie lilikuwa na nini."

Sikuwa na jibu la uongo. Nililitafuta, wallahi nililitafuta, na mimi maneno hayanipigi chenga. Lakini Rajabu amekaa kwenye magari miaka mingi. Uongo wowote wa kitaalamu ungemwongezea shaka. Mama Spesioza alikuwa kwenye benchi ya pembeni, chai yake imeota utando, hajainywa. Anatusikiliza kwa mikono, si kwa masikio. Vidole vilikuwa vinakunja ncha ya kitenge.

"Lilikuwa na mimi," nikasema.

"Nini?"

"Waya wa radio. Niliufunga kwenye betri moja. Ndio uliokuwa unaua betri. Staata nzima, betri nzima, na wewe hukukosea kitu."

Rajabu akaweka kikombe chini. "Umejua lini?"

"Makere."

"Makere ni jana asubuhi."

"Ndiyo."

"Na mimi nimekwenda posta jana alasiri. Nimetukanwa mbele ya watu wanaonijua."

"Ndiyo."

Nilitegemea anipige. Bora angenipiga. Nikamgeukia Mama Spesioza, nikasubiri lake. Akauliza swali moja tu:

"Sasa gari inaweza kutembea?"

Nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na polisi, sijawahi kusikia neno zito kama lile.

Rajabu akasimama. "Posta kwanza. Utamwambia tajiri wewe, kwa mdomo wako huo huo." Tukaenda, tukapanga foleni. Mafundi wawili wa Kasulu walikuwa mbele yetu, wananifahamu, nikapaza sauti kwa sababu laini ilikuwa mbovu, na wao wakasikia kila kitu. Upande wa pili tajiri akasema, "Kumbe hata wewe!" Laini ikakatika. Maneno hayo matatu nimelala nayo siku nyingi.

Betri ya nyuma ilikuwa bado chovu. Tukamwomba mwenye pikapu ya dagaa aliyekwama na mvua, nikaunganisha betri yake na ile moja chovu peke yake, si zote mbili, tukaiacha inywe mpaka saa saba. Rajabu akatoa ufunguo mfukoni, akaunusa kama mtu anayeonja dawa, akazungusha. Lori likanguruma kwa mara ya kwanza bila mkono wa mtu mgongoni mwake. Hakuna aliyenipongeza, na sikugeuka kutafuta wa kunipongeza.

Kasulu hadi Gungu

Sasa tuna gari bubu la kijani. Kijiji cha kwanza tu, tukaona migongo inaingia kwenye migomba. Rajabu akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaanza kuimba taarabu yeye mwenyewe. Rajabu ana sauti ya mlango. Aliimba penzi, aliimba wivu, aliimba na visa vya mke mwenza, mate yanaruka na mvua inamwingia mdomoni, na migomba ikaanza kucheka. Watu wakatoka. Kila kijiji hivyo hivyo. Mara ya tatu nikasikia kitu kando yangu: Mama Spesioza anacheka, ameziba mdomo kwa kiganja.

"Imba na wewe," Rajabu akaniambia. "Ni deni lako."

Nikaimba. Hilo sitalieleza zaidi.

Mabonde yalitushika mara mbili, hatukuzima injini hata mara moja. Gungu, mlangoni mwa Kigoma, tuliingia magharibi. Rajabu akaendelea kwao Ujiji, na kwa kuwa Kibirizi usiku kumefungwa, Mama Spesioza akalala kwangu. Mke wangu alipika mgebuka wa nazi. Mgeni aliuonja kwa heshima tu. Aliomba sabuni. Akafua kile kitenge cha bluu, akakianika juu ya jiko, akikigeuza kila mara kisiungue. Ndicho alichovaa siku ile ya msukumano. Alitaka mtoto akijue kwa mbali.

Kibirizi

Alhamisi, saa moja. Boti ilikuwa imeegeshwa, mbao za kupandia tayari. Watoto wamepangwa mstari mmoja kwenye mchanga, kila mmoja na kadi shingoni, mbele kabisa kuna meza na karani mwenye orodha.

Mama Spesioza hakukimbia. Alitembea pembeni mwa mstari, akiangalia uso mmoja mmoja, mimi na Rajabu nyuma yake. Karibu na katikati akasimama. Msichana mwembamba, kichwa kimenyolewa, akainua macho. Akaangalia kitenge kwanza, kisha uso.

Hakutoka mstarini. Nilishangaa, nikataka kumsukuma kwa sauti. Baadaye nilielewa: aliambiwa akitoka anapoteza nafasi yake, na kwa miezi minane nafasi kwenye mstari ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Mama akaelewa kabla yangu. Akaingia mstarini, nyuma yake, akamwekea mikono mabegani. Wakasogea hivyo, hatua kwa hatua, mtoto akiegemeza kisogo tumboni mwa mama yake, mpaka mezani.

Karani akainua kichwa. "Mama, mstari huu ni wa watoto wasio na wazazi."

"Huyu ndiye niliyewaambia hajafa," Spesioza akamjibu.

Karani akamtazama, akatazama kibali, akachukua rula. Akapiga mstari juu ya jina lile, polepole, ukanyooka. Mtoto akavua kadi akaiweka mezani.

Wakatoka pembeni. Mtoto aliyekuwa nyuma yao akasogea hatua moja mbele.